Moto wa Jirani, Bima ya Nani?

Kuna mada moja nimeizunguka muda mrefu bila kuiandika kwa sababu inahusu nyumba yetu na nyumba ya jirani yetu, na mtaani kwetu watu wanasoma mtandao kuliko mnavyodhani. Lakini juzi mshikaji wangu mmoja kanipigia simu saa nne usiku. Fremu ya jirani yake imewaka moto, moshi na maji ya zimamoto vimemharibia duka. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile nililouliza mimi: "Sasa bima ya yule jamaa si itanilipa?" Nikaona basi, acha niandike. Jina la mtu sitaji, la kampuni sitaji, la benki sitaji. Mnaotujua mtatujua tu.

Ilikuwa Jumapili usiku, Novemba 2023. Mtakumbuka kipindi kile cha mgao wa umeme. Kwetu Sinza ulikuwa ukikatika mchana unarudi usiku, na kila nyumba ilikuwa na hesabu zake: lini tunyooshe nguo, lini tupandishe maji kwenye tangi, lini tuchaji simu. Nyumba yetu imepakana na ya mzee mmoja mstaafu. Ukuta wa uani ni mmoja. Upande wake amejenga vyumba vinne vya kupangisha, upande wetu kuna chumba kikubwa ambacho Mama anashonea. Mapaa yamekaribiana kiasi kwamba paka anavuka bila kuruka.

Umeme ulirudi kama saa mbili na nusu. Watoto wa mtaa wakashangilia kama kawaida. Baada ya muda tukiwa mezani tukasikia harufu ya kitu kinaungua, kila mtu akadhani ni jikoni kwa mwenzake. Kisha mtu akapiga kelele upande wa pili wa ukuta. Nilipotoka uani nikaona moshi unatoka chini ya mabati ya chumba cha tatu cha yule mzee, na kabla sijamaliza kumwita Mama, moto ukachomoza juu. Mbao za kenchi zikikauka miaka ishirini huwaka kama karatasi. Sidhani kama ilifika dakika kumi kabla moto haujavuka kuja kwetu.

Tuliokoa tulichoweza. Majirani walikuja na ndoo, vijana wakapanda ukutani, mtu akapiga 114. Gari la zimamoto lilifika, likasumbuliwa na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili za barabara, wakavuta mipira kwa miguu na wakauzima. Nyumba kubwa zote mbili zilisalimika kwa kiasi: kwetu dari la jipsamu la vyumba viwili liliporomoka kwa maji. Lakini vyumba vya uani vya mzee viliteketea, na chumba cha Mama kilibaki kuta. Cherehani nne, moja ni ile ya kudarizi aliyoinunua kwa mkopo wa vikoba. Ovaloki. Meza ya kukatia. Na vitambaa vya wateja, pamoja na sare kumi na nne za harusi moja ambazo zilikuwa zimebakiza vifungo tu.

Asubuhi tukajua chanzo. Mpangaji wa chumba cha tatu, kijana anayefanya kazi hotelini, alikuwa ananyoosha shati lake la kazi mchana umeme ukakatika. Akavaa shati lile lile lenye mikunjo, akaondoka. Pasi akaiacha kitandani, imechomekwa, swichi iko chini. Umeme ukarudi, yeye hayupo. Ndivyo ilivyoandikwa pia kwenye taarifa ya zimamoto.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe.

Siku ya pili kijiwe kizima kilikuwa na habari moja: "Msihofu, mzee ana bima." Na kweli alikuwa nayo. Alichukua mkopo benki akaweka nyumba rehani, na benki ikamtaka aikatie bima ya moto. Mtaa mzima ukahitimisha kwamba tumeponea hapo. Hata mimi, mwandishi wa habari ninayejidai kuuliza maswali, sikujiuliza. Nilivaa shati safi, nikachukua picha kwenye simu, taarifa ya zimamoto na orodha ya vitu vya Mama, nikaenda kwenye kampuni aliyokatia mzee.

Dada wa mapokezi alinipeleka kwa afisa wa madai, mtu mpole kabisa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Wewe au mama yako mna mkataba na sisi?" Nikasema hatuna, mwenye mkataba ni jirani. Akasema, "Basi ndugu yangu, sisi tunamdai mzee ada na yeye anatudai fidia ya nyumba yake. Ninyi hamumo kwenye huo mkataba." Nikapandisha sauti kidogo. Nikamwambia moto umetoka kwake! Akanijibu kwa sentensi ambayo bado naikumbuka: "Bima ya moto inafuata nyumba iliyoandikwa kwenye hati. Haiufuati moto unakokwenda."

Nilitoka pale nina hasira, na hasira ilinifanya nifanye kile nilichopaswa kufanya mapema, yaani kuuliza watu wanaojua. Nilichojifunza nakiweka hapa kwa lugha nyepesi.

Kinachotuchanganya wengi ni gari. Sote tunajua habari ya bima ndogo na bima kubwa. Ukigongwa na daladala, unauliza bima ya daladala. Bima ndogo ni ya lazima kisheria, na kazi yake ni kumlipa yule uliyemgonga. Kwa hiyo kichwani tumejenga kanuni kwamba aliyesababisha ndiye ambaye bima yake inalipa. Tukaibeba kanuni hiyo hadi kwenye nyumba, wakati bima ya moto ya nyumba imejengwa kinyume chake. Inamlipa mwenye nyumba kwa hasara ya nyumba yake, moto uwe umeanzia kwake, kwa jirani, au kwenye radi. Maana yake ni kwamba moto ukitoka kwa jirani ukaja kwako, bima ya kwanza ya kuulizwa ni YAKO. Na kama huna, hapo ndipo safari inapokuwa ndefu.

Sisemi kwamba jirani hawezi kulipa kabisa. Anaweza, lakini kwa mlango mwingine, wa sheria ya madhara, na lazima uonyeshe uzembe. Rafiki yangu mmoja wakili alinichorea kwenye karatasi ya chipsi. Kwanza, mtu huyo alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili yako. Pili, hakufanya kile ambacho mtu wa kawaida mwenye busara angefanya. Tatu, hasara yako imetokana na hilo. Mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai. Na una miaka mitatu tangu siku ya tukio kufungua kesi ya madhara, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo. Ukishinda, ndipo unaweza kuuliza kama yule mtu ana bima ya dhima, yaani ile inayobeba deni lake kwa watu wengine. Bima ya mzee ilikuwa ya jengo tu, kwa sababu benki ilitaka jengo lake lilindwe. Benki haikuwa na sababu ya kutufikiria sisi.

Halafu wakili akaniuliza: "Umshitaki nani? Mzee hakuacha pasi. Aliyeacha ni mpangaji." Ungeweza kubishana kwamba mzee alijenga vyumba hadi ukutani, au nyaya zake zilikuwa za zamani, lakini taarifa ya zimamoto haikusema nyaya, ilisema pasi. Basi kijana ndiye mwenye uzembe. Kijana analala kwenye godoro moja, ambalo nalo limeungua.

Nikauliza kwa nini sheria iwe ngumu hivi. Nilitegemea jibu fupi, nikapewa historia, na kwa kuwa napenda historia nawapa na ninyi. Sheria yetu inasema misingi ya sheria za mahakama za Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, inatumika hapa kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Kwa hiyo ukitaka kujua hoja ya moto ilikotoka, unakwenda London. Mwaka 1666 moto ulianza kwenye nyumba ya mwoka mikate, ukateketeza nyumba zipatazo 13,000. Baada ya hapo ugomvi wa nani ajenge upya, mwenye nyumba au mpangaji, ulikuwa mkubwa hadi wakaunda mahakama maalumu ya kuamua mashauri ya moto. Na ni baada ya moto huo huo, kuelekea miaka ya 1680, ndipo daktari mmoja aliyegeuka mjenzi, Nicholas Barbon, akaanzisha biashara ya bima ya moto ya nyumba.

Zamani kule Uingereza mtu ambaye moto umetoka nyumbani kwake ukaunguza kwa jirani alikuwa taabuni hata kama hakukusudia. Lakini sheria ya mwaka 1774 ikasema moto ulioanza kwa bahati mbaya usimfanye mtu ashitakiwe na jirani yake. Mwaka 1847 mahakama yao ikafafanua kwamba bahati mbaya haihusishi uzembe, kwa hiyo mzembe bado anashitakika. Mantiki yake, alivyonieleza wakili, ni kwamba yule aliyeunguliwa na nyumba yake tayari ameumia, ukimwongezea na deni la mtaa mzima unammaliza. Nilipoisikia nilikumbuka uso wa mzee wetu asubuhi ile, amekaa kwenye kigoda amevaa kanzu yenye masizi, anatazama mabati yaliyojikunja. Hasira yangu ikapungua kidogo. Kidogo tu, maana chumba cha Mama bado kilikuwa kuta.

Sasa ngoja niwape sehemu ambayo sikuitegemea. Wiki ile ile wateja wa Mama wakaanza kuja. Wa kwanza walikuja kutoa pole. Wa pili wakatoa pole kisha wakauliza, "Na kile kitambaa changu?" Mwenyekiti wa kamati ya ile harusi alikuja na daftari lake. Sare kumi na nne, harusi imebakiza siku kumi na mbili. Hakuwa mkali, ila alisema jambo la kweli: "Mama, sisi tulikuletea wewe. Huyo jirani sisi hatumjui."

Mnaona? Sisi tulikuwa tunamlilia mzee, na kumbe kuna watu wanatulilia sisi. Kwao sisi ndio jirani ambaye moto umetokea kwake. Nikamwambia Mama, kwa elimu yangu mpya ya karatasi ya chipsi, kwamba kisheria anaweza kujitetea. Yeye hakuwa mzembe, moto umetoka nje, mali ya watu imepotea bila kosa lake. Mama alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mwanangu, hiyo sheria itanishonea wateja?" Akatoa akiba ya vikoba, akakopa kwa dada yake Morogoro, akanunua vitenge upya Kariakoo. Akaazima cherehani mbili kwa mafundi wenzake wa Mwenge, akashona siku tisa mfululizo barazani. Sare kumi na nne zikatoka. Wengine aliwalipa kidogo kidogo hadi Juni 2024. Hakuna aliyemlipa yeye.

Upande wa mzee nao haukuwa kama mtaa ulivyofikiri. Watu walisema amepata mamilioni, amenyamaza nayo. Ukweli nilikuja kuujua baadaye, alipomwonyesha Mama barua. Kwenye hati yake benki iliandikwa kuwa mlipwaji wa kwanza, kwa sababu nyumba iko rehani. Fidia ikapitia benki, na ikatoka kwa awamu kadiri ujenzi ulivyokwenda. Na haikutimia. Alipokata bima miaka ya nyuma aliandika thamani ya jengo iliyotosha mkopo, hakuandika gharama ya kulijenga upya. Hapo kuna kanuni moja ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuijua. Tuseme nyumba yako inahitaji shilingi milioni 80 kuijenga, wewe umeikatia milioni 40 ili ada iwe ndogo. Moto ukakutia hasara ya milioni 10. Wengi wanadhani watalipwa 10 kwa sababu bado iko chini ya 40. Hapana. Kampuni inasema umekata nusu, kwa hiyo nusu nyingine ya hatari umejibebea mwenyewe, inakulipa milioni 5, na hapo bado haijatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema ni chako. Mzee alikatwa hivyo hivyo.

Pamoja na yote, Februari 2024 aligonga geti letu na kirikuu iliyobeba mabati na fundi wake. Akamwambia Mama, "Dada yangu, bima haikuja kwako, mimi nimekuja. Mbao sijazipata, lakini mabati haya ni yako." Mama akapokea. Kijana wa pasi naye alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi na elfu ishirini mkononi, mpaka Mama akamwambia basi, anunue godoro.

Nilijaribu kumweleza Mama faida ya kukata bima yake mwenyewe. Nikamwambia: ungekuwa nayo, kampuni yako ingekulipa wewe moja kwa moja bila kujali pasi ni ya nani. Hata maji ya zimamoto yaliyoangusha dari yangehesabiwa, kwa sababu yamekuja kwa ajili ya moto. Wakishakulipa, wao ndio wanaochukua nafasi yako kumfuata aliyefanya uzembe kama wanaona inafaa. Wewe unakaa pembeni. Mama akashtuka. "Yaani wanilipe mimi, halafu waende kumshitaki yule mtoto kwa jina langu?" Nikasema ndiyo, wana haki hiyo. "Na nikimwandikia kwamba nimemsamehe?" Nikaenda kuuliza, nikarudi na jibu ambalo hakulipenda: ukimsamehe kwa maandishi kabla hujalipwa, unakuwa umegawa haki ambayo kampuni ilitegemea kuirithi, na inaweza kukataa dai lako. Kwa hiyo wadau, ukiwa na bima, msamaha wa moyoni toa hata siku ya kwanza, lakini usisaini karatasi yoyote na jirani kabla hujaongea na kampuni.

Mama alifikiri siku kadhaa. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha tangu usiku ule. Tulipokuwa tunafukua majivu ya chumba chake, yeye ndiye aliyeikuta pasi yake ya kushonea. Imeyeyuka, waya wake bado umo kwenye soketi. Na yeye pia mchana ule alikuwa ananyoosha mishono umeme ukakatika, akainuka kwenda kupika. Tofauti ni kwamba yeye aliisimamisha juu ya meza ya kukatia na kijana aliilaza kitandani. "Ningekuwa nimeilaza," akasema, "leo mzee ndiye angekuwa anakwenda ofisini kuuliza bima yangu."

Sikuwa na cha kujibu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji, na sisi siku zote tumelielewa neno hilo kama onyo la kujilinda na mabaya yanayokuja kutoka nje. Kumbe wembe unaweza kuwa mkononi mwako. Kama ingekuwa sisi, mzee angeambiwa maneno yale yale, na mimi ningekuwa ndani nimejifungia naona aibu kutoka.

Tulikata bima Agosti 2024. Jengo tuliliandika kwa gharama ya kulijenga, na vyombo vya kazi tuliviorodhesha kimoja kimoja na picha. Wakala alipomaliza kusoma Mama akamuuliza, "Na vitambaa vya wateja?" Yule kijana akasita, akafungua hati, akasoma. Mali ya watu wengine uliyoishika kwa niaba yao haimo mpaka itajwe waziwazi. Angenyamaza Mama, tungelipa ada miaka yote tukidhani tumelindwa. Ikaandikwa. Tukaomba pia ile ya dhima, ili moto ukitoka kwetu kwa uzembe wetu, jirani awe na pa kushika. Hiyo ni ya kuomba, haiji yenyewe.

Na wewe uliyepanga, usiseme haikuhusu. Bima ya mwenye nyumba inalinda kuta na paa lake. Kompyuta yako, godoro lako, friji yako, havimo. Mpangaji anaweza kukatia vyombo vyake mwenyewe. Baada ya soko kuu la Kariakoo kuungua tarehe 10 Julai 2021, tulipiga kelele sana, na mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, masoko ya umma na majengo ya biashara yakaingia kwenye bima za lazima. Nyumba ya kuishi haikuingia. Huko kwako umeachiwa mwenyewe. Kampuni yako ikikuzungusha, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, vyote vipo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Lakini huko unakwenda ukiwa na hati yako mkononi. Ukiwa na hati ya jirani, utaambiwa kwa upole kama nilivyoambiwa mimi.

Yule mshikaji wa fremu nilimjibu haya yote kwa simu, usiku ule ule, nikasikia anavyoishiwa nguvu. Hana bima. Nikamwambia apige picha kila kitu kabla hajafagia, achukue taarifa ya zimamoto, atafute wakili mapema, na kesho yake aende kumpa pole jirani yake. Akauliza pole ya nini wakati aliyeunguziwa ni yeye. Nikamwambia nenda tu, utaelewa ukifika.

Mzee wetu vyumba vyake amevimaliza. Safari hii amerudi nyuma mita moja na nusu kutoka ukutani, bila mtu kumwambia. Na Mama kabandika karatasi mlangoni mwa chumba chake, kwa mwandiko wake mkubwa wa kalamu ya kupimia nguo: UMEME UKIKATIKA, CHOMOA. Kila mteja anayeingia huisoma kwa sauti, anacheka, kisha nadhani anakumbuka nyumbani kwake ameacha nini.

Nawe kabla hujalala leo, nenda kaangalie soketi zako. Kisha kesho kaisome hati yako ya bima, kama unayo.